Viungo Nilivyopika Miaka 14 Bila Kuviona

Mimi ni mpishi wa shughuli. Kama umewahi kualikwa harusi, kipaimara au arobaini hapa Dodoma mjini, upande wa Chang'ombe, Majengo au Nkuhungu, huenda umeshakula pilau langu. Kwa miaka 14 nimenunua viungo sokoni Majengo kwa kipimo: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, binzari nyembamba. Navijua kwa pua. Nipe gizani, nitakuambia hiki ni kipi na kimekaa stoo muda gani. Lakini hadi tulipofunga safari ya Unguja na familia yangu, sikuwa nimeona hata kimoja kikiwa shambani. Vingine sikujua kama vinatoka kwenye mti, kwenye mzizi au kwenye ua.

Kinachoota huku kwetu tunakijua. Uwele, mtama, karanga, alizeti, zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na mibuyu ambayo hakuna aliyeipanda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kuna mwaka inakatika Februari na watu wanabaki wanaangalia juu. Kwa hiyo nilipoanza kuweka fedha kwenye kikoba nikisema ni za kwenda Zanzibar, wenzangu walijua nataka kwenda kupiga picha ufukweni. Ufukwe niliutaka kwa ajili ya watoto. Kwa ajili yangu nilitaka shamba.

Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti yangu wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume wa miaka sita, na Mama yangu mzazi kutoka Mvumi. Mama amepita miaka 70 na hakuwa amewahi kuona bahari. Tulisafiri likizo ya Juni, shule zilipofungwa.

Siku mbili kabla ya safari Mama alifika mjini na kiroba cha ubuyu. Ubuyu wa mibuyu ya kijijini, kaupasua mwenyewe, umekauka vizuri, mweupe.

"Mama, huu wa nini?"

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Nikamweleza kwamba tunakwenda kulala nyumba ya wageni, tutalipa, hatuna mwenyeji kule. Akanitazama kama mtoto aliyesahau adabu. "Mwenyeji atakuwepo," akasema, na kiroba kikaingia kwenye mizigo. Nilinung'unika moyoni kwa sababu ya uzito. Nakieleza kiroba hiki mapema kwa sababu ndicho kilichobeba safari nzima, na mimi nilitaka kukiacha chini ya kitanda.

Treni ya umeme imetubadilishia mambo watu wa Dodoma. Kabla haijaanza kufika huku Julai 2024, kwenda Dar es Salaam kwa basi ilikuwa ni siku nzima ya kukaa, na kwa mtu mwenye magoti kama ya Mama nisingethubutu. Sasa ni saa tatu hadi nne. Mama alikaa dirishani. Tulipopita Gulwe akasimulia alivyokuwa akishuka hapo enzi za treni ya zamani kwenda Mpwapwa, mizigo kichwani. Kwenye mahandaki ya Kilosa kijana wangu alikuwa anapiga kelele kila giza lilipoingia, na bibi yake anamshika mkono. Tukalala Dar kwa shemeji, asubuhi tukaenda bandarini. Beba vitambulisho vyenu mkononi, sio ndani ya begi, maana vinaulizwa.

Boti ni kama saa mbili. Juni na Julai upepo wa kusi unavuma na mkondo ule unakuwa na mawimbi. Hili hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimewalisha wote chapati na maharage alfajiri. Binti alitapika, mimi nikatapika, baba watoto akawa anatafuta mifuko. Mama alikaa katikati ya boti, chini, shuka lake la Kigogo mabegani, macho kwenye dirisha, na hakuugua hata kidogo. Baadaye tulielezwa kwamba amefanya vilevile wafanyavyo wazoefu: kaa chini na katikati ambako chombo hakirushwi sana, tazama mbali, kula kidogo, na tafuna tangawizi. Kwenye kurudi tulifanya hivyo na tukafika salama.

Sasa niseme kosa langu kubwa. Nilikuwa na daftari, nimepanga siku tano kama ninavyopanga shughuli ya watu mia tatu. Siku ya kwanza Mji Mkongwe. Ya pili Jambiani. Ya tatu msitu wa Jozani kuona kima punju na mchana kisiwa cha Changuu kuona makobe. Ya nne Nungwi. Shamba la viungo nililiweka asubuhi ya mwisho, saa mbili tu, kabla ya boti. Kile nilichoweka akiba kwa ajili yake miezi kumi na mmoja nilikipa makombo ya muda.

Jambiani ndiko daftari lilipovunjika. Tulifika saa nne asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu chumbani, na bahari haikuwepo. Mchanga mweupe unakwenda, unakwenda, na maji ni mstari wa buluu kwa mbali sana. Kijana wangu alilia. Alidhani imekauka, kama lambo la kwetu linavyokauka Septemba. Mama naye akasimama akauliza kwa sauti ya chini, "Imepatwa na nini?"

Ilikuwa bamvua, siku za mwezi mpevu, ambapo maji yanakupwa hadi mbali na kujaa hadi juu. Pwani ya mashariki ya Unguja ni tambarare, hivyo maji yakikupwa yanaacha eneo kubwa wazi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, tofauti haionekani sana na mtu anaogelea karibu wakati wowote. Mtu yeyote wa pwani anajua haya tangu utotoni. Sisi wa bara tunapaswa kuuliza: leo maji yanajaa saa ngapi? Swali moja tu, na siku yako inapangika.

Lakini kule mbali tuliona watu wameinama. Tukavua viatu, tukavaa ndala kwa sababu ya mawe na wanyama wa baharini wenye miiba, tukawaendea. Walikuwa akina mama wa mwani. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba zimefungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, mistari kwa mistari, kama matuta. Bamvua ndiyo siku zao za kazi kwa sababu ndipo shamba linapotoka majini. Mama akamsalimia mmoja, akachuchumaa pembeni yake, na kabla hatujajua akawa anafunga naye. Mikono yake inajua kufunga. Amefunga kuni na masuke miaka yote. Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Binti yangu aliniuliza kwa nini shamba la baharini linapaliliwa na akina mama peke yao kama karanga za Mvumi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Usiku magoti ya Mama yalivimba. Nilikuwa nakanda kwa maji ya moto huku nafikiria Jozani kesho, Changuu kesho, tiketi, gari. Baba watoto si mtu wa maneno mengi. Alichukua lile daftari, akalifunga, akasema, "Mama watoto, ulikuja kwa ajili ya shamba. Kesho twende shamba, mengine yasubiri." Niliona uchungu kidogo kwa ajili ya wale makobe, maana kijana alikuwa amewataja tangu Dodoma. Lakini alikuwa amesema kweli.

Mashamba ya viungo yako upande wa Kizimbani na Kidichi, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Tulijiunga na kundi la wageni wengine. Kijana mwongozaji alikuwa mchangamfu na anajua kazi yake, lakini alikuwa na haraka, kundi lingine linamsubiri. Nusa hiki, taja jina, songa. Watoto walipakwa mzingefuri midomoni, ile mbegu nyekundu inayotumika kama rangi, wakasukiwa kofia za majani ya mnazi. Mkwezi akapanda mnazi akiimba. Yote mazuri. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mdalasini, gome ninalolinunua kila wiki, na nilitaka kujua linabanduliwaje bila kuua mti, na kundi lilikuwa limeshafika kwenye vanila.

Mama ndiye aliyeuliza. "Mjukuu wangu, nani analima hapa?"

Kijana akasema kuna mzee, nyumba yake ile pale ng'ambo ya migomba, sehemu ya miti hii ni yake.

"Basi sisi tutakwenda kumsalimia," Mama akasema. Na akanigeukia: "Kile kiroba kiko kwenye gari?"

Nilijua hapo maana ya mikono mitupu.

Yule mzee alitupokea barazani. Mkewe akatoka na kanga begani, akasema, "Karibuni, karibuni nyote, piteni." Mama akasema, "Tumetoka Dodoma, tumekuja kuwasalimia," akamkabidhi kiroba kwa mikono miwili. Yule mama akafungua, akachukua kipande, akakitia mdomoni, macho yakamtoka.

"Mashaallah! Ubuyu wa bara huu! Huu sisi twaununua, Bi mkubwa. Umeupata wapi mweupe hivi?"

"Nyumbani. Mibuyu iko nyuma ya nyumba."

Kuanzia hapo hatukuwa wageni wa kulipia. Tulikaa hadi alasiri, na mzee akatutembeza taratibu kwa mwendo wa magoti ya Mama, ambao ndio mwendo unaofaa shambani.

Nieleze niliyoyaona, kwa sababu najua wapishi wenzangu wengi wa bara wako nilipokuwa.

Iliki haiko juu ya mmea. Majani yanakwenda juu kuliko mtu, lakini vidonge vyenyewe viko chini, kwenye vijikonyo vinavyotambaa karibu na udongo. Lazima uiname. Ndiyo maana ina bei: kila kidonge mtu ameinamia. Pilipili manga ni mmea unaoparamia mti mwingine, na punje zake zinaning'inia kwa vishada. Kijana wangu aliita "Zabibu ndogo!" na kutia moja mdomoni kabla sijamwahi, alilia, akapewa maji ya dafu. Ile nyeusi tunayoitumia huchumwa ikiwa bado kijani, ikikauka inakuwa nyeusi na kukunjamana. Ukiiacha iive iwe nyekundu kisha ukaondoa ganda, unapata ile nyeupe. Mti mmoja! Nilikuwa nauza maelezo kwa wateja kwamba hizo ni aina mbili.

Mdalasini: mzee alikata tawi, akakwangua gome la nje kwa kisu, kisha akapasua lile la ndani kwa urefu na kulibandua. Likiwa bichi ni laini kama ngozi. Likikauka linajikunja lenyewe. Anakata matawi, shina linachipua upya, hivyo mti hauuawi. Akatuchimbia na mzizi: unanuka kafuri, kama dawa ya kuchua kifua. Majani yake nayo yanatiwa kwenye chai. Nimekuwa nikinunua unga wa mdalasini miaka yote, na hapo nikaelewa kwamba kwenye unga siwezi kujua nimeuziwa nini.

Vanila ina kisa ambacho binti yangu hakukisahau. Asili yake ni Meksiko, na huku ua lake haliwezi kuzaa lenyewe. Mtu lazima alichavushe kwa mkono, ua moja moja, asubuhi lilipofunguka. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Binti akahesabu: "Ananizidi mwaka mmoja." Akachukua kijiti na kutaka kujaribu, lakini msimu wa maua haukuwa umefika.

Na kungumanga. Hapa nilisimama muda mrefu. Tunda lake ni la manjano, kama embe dogo la duara. Mzee akalipasua katikati. Ndani kuna mbegu ya kahawia inayong'aa, na juu ya mbegu kuna utando mwekundu mkali, umeizunguka kama vidole. Utando huo ndio basibasi. Mbegu ndiyo kungumanga. Nilikuwa nanunua viwili hivi kwenye vifuko tofauti, kwa bei tofauti, na nilidhani vinatoka nchi tofauti. Nililishika lile tunda mkononi na machozi yakanitoka. Sijui kulieleza vizuri kuliko hivi: nimelisha familia yangu na kusomesha watoto kwa vitu hivi, na ndiyo kwanza tunaonana.

Nikamuuliza mzee, sasa binzari nyembamba iko wapi? Bila hiyo hakuna pilau. Akatabasamu. Wao wanaiita uzile. "Hiyo hailimwi kwetu, mwanangu. Hiyo yaja kwa meli." Pilau tunalojivunia kuwa ni la pwani, kiungo chake kikuu kinatoka ng'ambo. Vilevile zafarani, nyuzi za zafarani ya kweli hazitoki Unguja na ni ghali mno, kwa hiyo ukiuziwa mfuko mkubwa kwa bei ndogo, ujue kilichomo ni kitu kingine.

Mkarafuu tuliubakiza mwisho. Mti mrefu, mwembamba, majani yanang'aa. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Linachumwa likiwa limeanza kupata wekundu kidogo. Ukichelewa siku chache ua linachanua na thamani yake imekwenda. Wachumaji wanapanda hadi kwenye vijitawi vya juu, na watu huanguka. Kisha jioni familia nzima inakaa kuchambua, tumba huku, makonyo kule, halafu zinaanikwa kwenye majamvi siku kadhaa na kukusanywa haraka mvua ikitisha. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu. Hakuna kinachotupwa: hata makonyo yanakamuliwa mafuta. Mzee alisema karafuu nyingi ziko Pemba, na kwamba mkulima huliuzia shirika la serikali, haziuzwi ovyo kwa mgeni. Kwa hiyo alikuwa tayari kutuuzia mdalasini na pilipili manga, karafuu tukanunue dukani.

Kwa nini Pemba? Kwa sababu ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichong'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Na mikarafuu yenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said aliagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi.

"Na nani aliipanda?" Mama akauliza. Mama huuliza hivyo kila mara. Nani analima, nani alipanda.

Mzee alikaa kimya kidogo. "Watu walioletwa kutoka kwenu, Bi mkubwa. Kutoka bara."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Njia ya misafara ilipita kwetu Ugogo, kutoka pwani kupitia Mpwapwa hadi Ujiji, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ili misafara ipate maji. Historia hiyo tunaisoma shuleni. Lakini Mama aliisimulia namna nyingine, pale chini ya mti: bibi yake alikuwa akiwazuia watoto wasitoke nje jua likizama, akiwaambia, "Watakupeleka pwani." Alikua akidhani pwani ni jina la mnyama.

Hakuna aliyesema kitu. Yule mke wa mzee ndiye aliyekuja na kumshika Mama mkono, akamwambia, "Njoo jikoni, nikuoneshe ubuyu wako unavyokuwa."

Tukaingia wote wanawake. Akachemsha sukari na maji kidogo hadi ikaanza kuwa nzito, akatia rangi nyekundu, chumvi kidogo, pilipili kidogo, kisha iliki aliyoitwanga hapohapo, iliyotoka kwenye mmea niliouona asubuhi. Akamimina ubuyu wa Mvumi, akageuza kwa mwiko mpaka kila mbegu ikashika rangi. Jiko zima lilinukia. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anaangalia ubuyu wa nyuma ya nyumba yake unavyogeuka kuwa ubuyu wa Zanzibar. Alipopewa kuonja alitafuna muda mrefu.

"Ni ule ule," akasema. "Umevaa tu."

Jumapili alitaka kusali. Sisi ni Waanglikana, kama watu wengi wa Mvumi, tukaenda Kanisa la Mkunazini. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi ulianza mwaka huohuo. Madhabahu ipo mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watu. Nje kuna sanamu za watu shimoni, minyororo shingoni. Nilikuwa nimepanga kupita hapo dakika ishirini kupiga picha. Mama alikaa kanisani baada ya ibada hadi watu wakaisha. Watoto nilitaka kuwatoa nje, lakini binti alikataa, akakaa karibu na bibi yake. Sikusikia walichozungumza na sikumuuliza.

Mengine nayapitia haraka. Bustani ya Forodhani jioni, uliza bei ya kila kitu kabla hakijatiwa kwenye sahani; urojo ni mzuri na unashibisha watoto. Ukitoka ufukweni kuingia kijijini, jifunge kanga. Nyumba ya wageni tuliyoilipia kwa simu ilikuwa mbali na bahari kuliko tulivyoambiwa, kwa hiyo uliza mtu aliyelala hapo, usitegemee picha. Sokoni Darajani nunua viungo vizima, usinunue unga. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiiminya kwa ukucha inatoa mafuta. Iliki iwe ya kijani na imefunga. Kungumanga iwe nzito mkononi. Na Nungwi hatukufika. Kijana wangu aliogelea Jambiani siku ya mwisho, maji yalipojaa, kwa furaha ambayo hadi leo anaisimulia. Makobe bado anawadai.

Nimebadilisha kazi yangu tangu turudi. Sinunui tena unga wa kitu chochote. Nakaanga na kutwanga siku ileile ya shughuli, na nimelazimika kuongeza bei kidogo. Wateja wawili wameniacha na siwalaumu. Wasichana wanaonisaidia nimewaonesha kungumanga nzima na basibasi yake, nikawaeleza kila kimoja kinachumwaje. Mmoja wao alikuwa akimwaga iliki kwenye sufuria kwa kiganja. Sasa anahesabu.

Na kiroba kinasafiri. Mama anakusanya ubuyu Mvumi wakati wa kiangazi, mimi naupakia kwenye basi hadi Dar, shemeji anauvusha kwa boti, na mzigo unaorudi una mdalasini wa magome mapana na pilipili manga ambayo haijawahi kukaa stoo. Hatuandikiani bei. Yule mama wa Kizimbani anatuma anachoona kinatosha, na Mama naye anafanya hivyo.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu alfajiri, kabla sijawasha jiko. Hakuanza na habari za watoto. Mvumi mawingu yalikuwa yamefunga siku tatu bila kudondosha tone, na kwa kawaida hilo ndilo lingekuwa neno lake la kwanza.

"Hebu nipigie wale watu wetu," akasema. "Uniulizie kama Kizimbani imenyesha."